Barua iliyokatwa kichwa: vidokezo fiche vya chemshabongo vinavyotenguliwa

"Barua iliyokatwa kichwa imefika jiji la West Nile (4)."

Niliandika sentensi hiyo ubaoni Jumatatu asubuhi, katika chumba cha walimu hapa Arua, nikaiacha bila maelezo. Kufikia chai ya saa nne walimu walikuwa wamegawanyika. Wapo waliodhani kuna barua ya wizara imepotea njiani. Wapo waliosema ni mafumbo ya siasa, wakanishauri niifute kabla mkuu hajapita. Mwalimu wa hesabu, mama ninayemheshimu sana, ndiye aliyetoa hukumu ambayo nimeisikia kwa watu wengi: "Mwalimu, hii imekosewa. Barua haina kichwa cha kukatwa. Na hata ingekuwa nacho, hizo herufi nne zinatoka wapi?"

Watu wengi huchanganyikiwa vivyo hivyo. Wamezoea chemshabongo ya gazeti, ile unayoijaza huku ukisubiri teksi ijae abiria, halafu siku moja wanakutana na ya aina nyingine, katika gazeti la Uingereza au kwenye simu, ambayo sentensi zake zinasomeka kama maneno ya mgonjwa anayeweweseka kwa malaria. Wanaiweka kando wakiamini kwamba ni mchezo wa wasomi wa Ulaya, au kwamba haina jibu. Jibu lipo, tena ni moja tu, na njia ya kulifikia inaelezeka kwa Kiswahili cha kila siku. Mifano nimeitunga mwenyewe kwa Kiswahili, kwa sababu mchezo huu ukielezwa kwa vidokezo vya Kiingereza msomaji hubaki akipambana na Kiingereza, asiuone mchezo.

Tuelewane kwanza kuhusu maneno. Chemshabongo ya maneno ni mraba wenye vyumba vyeupe na vyeusi, na kila chumba cheupe huingia herufi moja. Sentensi inayokuongoza kwenye jibu ni kidokezo, na nambari kwenye mabano ni idadi ya herufi za jibu. Kidokezo cha kawaida huuliza maana tu: "Mfalme wa nyika (5)", unajaza SIMBA, unaendelea. Kidokezo fiche hufanya zaidi ya hapo. Hukupa jibu mara mbili katika sentensi moja. Upande mmoja wa sentensi ni maana ya jibu, kama katika kamusi. Upande wa pili ni ufundi, yaani maelezo ya namna neno hilo linavyojengwa kwa herufi zake. Kisha pande hizo mbili huvikwa vazi la habari nyingine kabisa, kwa mfano barua, samaki au mkulima. Vazi hilo nitaliita sura, na sura ndiyo inayokupoteza njia.

Fikiria unavyotuma pesa kwa simu. Unaandika nambari, kisha jina la mwenye nambari linatokea ulihakiki kabla ya kubonyeza. Nambari peke yake ingeweza kukosewa tarakimu moja, na jina peke yake wanalo watu wengi. Viwili vikiafikiana, unatuma bila wasiwasi. Katika kidokezo fiche, ufundi ni nambari na maana ni jina. Vikikutana kwenye neno moja, umelipata, wala huhitaji mtu wa kukuthibitishia.

Hapo ndipo kidokezo fiche kinapotofautiana na kitendawili, ndugu yake wa karibu. Nikikutegea "Nyumba yangu haina mlango", utasema yai, na nitakubali. Lakini ungesema kaburi ungekuwa na hoja, na ningekukatalia kwa sababu tu mimi ndiye mwenye kitendawili. Ndiyo maana kuna "nipe mji": mwenye fumbo ndiye hakimu. Na "koyi koyi" ya Waganda ina hakimu wake pia. Kidokezo fiche hakina haja ya hakimu, kwa kuwa kinabeba ushahidi wake ndani.

Turudi ubaoni. Kanuni inayosaidia kuliko zote ni hii: maana hukaa mwanzoni mwa kidokezo au mwishoni, haikai katikati kamwe. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuikata sentensi vipande viwili, na unapokata, puuza alama za uakifishaji, maana koma na vituo ni mali ya sura. Mwisho wa kidokezo changu ni "jiji la West Nile", eneo letu la kaskazini-magharibi mwa Uganda. Hiyo inaweza kuwa maana. Kinachobaki ni "Barua iliyokatwa kichwa". Barua isome kama neno: B, A, R, U, A. Kichwa cha neno ni herufi yake ya kwanza. Ikate, inabaki ARUA, herufi nne. (Ni jiji kweli, tangu Julai 2020. Mwalimu wa jiografia alinikumbusha kwamba rasimu yangu ya kwanza ilisema "mji", na alikuwa na haki.)

Mwalimu wa hesabu aliangalia ubao kwa muda, akasema, "Kumbe barua si barua." Ndiyo siri yote. Katika sura, barua ni karatasi. Katika ufundi, barua ni herufi tano zilizopangwa mstari.

Aina nyepesi kuliko zote haigusi herufi. Ni maana mbili za neno moja, zimekaa bega kwa bega. "Mnyama juu ya nyumba (3)." Macho yanaona mbuzi amepanda bati. Kata baada ya neno la kwanza: mnyama fulani wa porini anaitwa paa, na kilicho juu ya nyumba kinaitwa paa. "Pesa ya Uturuki, jiji la kaskazini (4)" ni LIRA, na wanafunzi wa huku hulipata papo hapo. Kiswahili kimejaliwa maneno ya namna hii: kaa la moto na kaa wa baharini, mto wa kulalia na mto wa maji, mbuzi wa maziwa na mbuzi wa kukunia nazi.

Kisha kuna neno lililofichwa. "Kinywaji kilichomo ndani ya kikombe cha Iddi (4)." Sentensi inaonekana haifichi chochote, inauliza tu Iddi anakunywa nini. Sasa ziandike herufi zake bila nafasi: kikombechaiddi. Umekiona? CHAI imekaa pale, imevuka kutoka neno moja hadi jingine, na maneno "kilichomo ndani ya" yalikuwa yanakuambia waziwazi uangalie ndani. Mtungaji mkali angenilaumu kwamba neno "kikombe" halichangii herufi hata moja. Nakubali lawama hiyo, na nitairudia kanuni yake baadaye.

Aina inayopendwa na wengi ni ya kuvuruga herufi. "Samaki walivurugika msimu wa mvua kubwa (6)." Chukua herufi za samaki, zichanganye, zipange upya: MASIKA. Mwisho wa kidokezo unathibitisha. Hapa msomaji mgeni huuliza atajuaje kwamba anatakiwa kuvuruga. Atajua kwa sababu mtungaji haruhusiwi kuvuruga kimyakimya. Lazima aache kiashiria, yaani neno lenye wazo la vurugu. Kutawanyika, kulewa, kutikiswa, kubomoka, kupanguliwa, yote yanafaa. Wazo la kumeza au kukumbatia huashiria neno kuingia ndani ya jingine, na wazo la kurudi au kugeuka huashiria kusoma nyuma kuja mbele. Ukishazoea, viashiria huonekana kama vibao vya barabarani: vimekuwapo siku zote, wewe ndiye ulikuwa hujui kuvisoma.

Hapa pana ugumu wa Kiswahili ambao Waingereza hawaujui. Samaki wa ziwani huchukua "wa": samaki walivurugika. Lakini neno "samaki", kama neno, ni la ngeli nyingine: lilivurugika. Je, mtungaji afuate ngeli ya mnyama au ya neno? Nimelifikiria jambo hili sana, na msimamo wangu ni kwamba afuate ya sura. Akiandika "samaki lilivurugika" atakuwa amelivua kidokezo vazi lake mlangoni, na hakuna atakayepotea njia hata kwa dakika moja.

Aina nyingine huunganisha vipande. "Si ugonjwa wa ngozi, ni mfalme wa nyika (5)." Neno "si" lichukue lilivyo. Ugonjwa wa ngozi wenye herufi tatu ni mba. Si na mba: SIMBA, yule yule wa kidokezo cha kawaida, ila safari hii amekuja na ushahidi. Ninachokipenda zaidi katika aina hii ni "Amempa? Hapana! Mji mkuu wetu (7)". Mtu akisema kwa haraka "amempa", husema "kampa". Na "hapana" kwa neno fupi ni "la". Nimeishi nchi hii miaka yote bila kusikia kwamba jina KAMPALA, kwa sikio la Kiswahili, ni swali na jibu lake.

Sasa neno kuingia ndani ya neno: "Bara limemeza mwanzo wa Uganda, ni waraka (5)." Mwanzo wa Uganda, kiherufi, ni U. Ingiza U ndani ya bara: BAR-U-A. Na barua hiyo tayari unajua tukiikata kichwa inafika wapi.

Kusoma kinyumenyume kunahitaji maelezo zaidi, kwa sababu hapa umbo la lugha yetu linaamua kila kitu. Karibu maneno yote ya Kiswahili huishia kwa irabu. Neno likigeuzwa herufi kwa herufi, irabu ile ya mwisho inakuwa ya kwanza, na herufi ya kwanza inakuwa ya mwisho. Kwa hiyo neno linaloanza kwa konsonanti haligeuki kuwa Kiswahili: paka anakuwa "akap", ambaye hayupo. Yanayogeuka vizuri ni yale yanayoanza kwa irabu na kuishia kwa irabu, na ni machache. Nimeyawinda kwa miezi. "Ali akirudi huja na kasoro (3)" inatoa ILA. "Aibu ikigeuka huwa ushirika wa biashara (4)" inatoa UBIA. Siku nilipoiona hiyo ya pili sikulala mapema.

Lakini Kiswahili kina mlango mwingine. Watoto wa pwani wana mchezo wa kinyume, lugha ya siri ambamo silabi ya mwisho hupelekwa mbele. Waganda nao wana ludikya, inayogeuza mpangilio wa silabi za neno. Mwenzangu anayefundisha historia, mtu wa Masaka, bado anaweza kuizungumza kwa kasi inayoniacha nyuma. Katika michezo yote miwili tofali ni silabi, wala si herufi. Tukikubali silabi kuwa tofali la mtungaji, hazina inafunguka. Mali inakuwa lima. Kata inakuwa taka. Na "Kazi kwa kinyume katika msitu wa karibu na Entebbe (4)" inakuwa ZIKA, msitu ambao mwaka 1947 wanasayansi walipata kwa nyani mdogo virusi vilivyopewa jina lake. Hii si kanuni ya Waingereza. Ni yetu, na sioni sababu ya kuomba ruhusa.

Aina ya sauti, ambayo Kiingereza huitegemea sana kwa kuwa maandishi yake hayafuatani na matamshi, kwetu ni ndogo, maana tunaandika tunavyotamka. Inabaki mianya michache. Katika Kiganda l na r havitofautishi maana, kwa hiyo kura na kula huweza kusikika mamoja, na mtungaji wa Kampala anaweza kulitumia hilo.

Mchezo ulipoanza haukuwa fiche hata kidogo. Mraba unaohesabiwa kuwa wa kwanza ulitungwa na Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, ukachapishwa katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913, ukiwa na vidokezo vya maana tupu. Ulipovuka bahari, Waingereza waliuchukua na kuupinda. Kuanzia 1926 Edward Powys Mathers alitunga katika gazeti la The Observer kwa jina la Torquemada, mkuu wa mahakama ya mateso ya Kihispania, na wasomaji wake waliteseka kweli, kwa sababu hapakuwa na kanuni zilizokubaliwa. Alipofariki 1939, Derrick Macnutt alishika nafasi yake kwa jina la hakimu mwingine, Ximenes, naye ndiye aliyesimamia haki ndani ya kidokezo: maana iwe sahihi, ufundi uwe sahihi, na pasiwe na neno lolote la ziada. Ndiyo kanuni inayokilaumu kikombe changu cha Iddi. Aliyemfuata kuanzia 1972, Jonathan Crowther, alijiita Azed. Lisome kinyume: Deza, hakimu mwingine wa Hispania.

Aliyelisema jambo hili vizuri kuliko wote ni mtungaji aliyejiita Afrit, mwaka 1949: si lazima mtungaji amaanishe anachosema, lakini ni lazima aseme anachomaanisha. Jina lake msomaji wa Kiswahili atalitambua, ni afriti wetu wa hadithi za majini. Na limefichwa ndani ya jina lake halisi, A. F. Ritchie, kama chai ilivyojificha kwa Iddi.

Kwa hiyo wanaosema mtungaji ni mwongo hawamtendei haki. Sura hudanganya macho, lakini ukisoma neno kwa neno, kila alichoandika ni kweli. Wanaosema ni kubahatisha nao wamekosea: anayebahatisha hawezi kueleza jibu lake, na jibu la kidokezo fiche lisiloelezeka bado halijapatikana, hata kama linaingia kwenye vyumba.

Dhana nyingine ni kwamba huu ni mtihani wa akili. Imepata nguvu kutokana na kisa cha kweli: Januari 1942 gazeti la Daily Telegraph lilifanya shindano la kujaza mraba chini ya dakika 12, na baadhi ya walioshiriki walifuatwa baadaye kwenda kusaidia kuvunja lugha za siri za adui huko Bletchley Park. Kisa ni kweli, hitimisho ndilo lisilofuata. Walitafutwa watu wenye mazoea ya kutazama herufi kama herufi, na mazoea hufundishika. Wanafunzi wangu wa kidato cha pili, baada ya wiki tatu, walikuwa wanavuruga MALI, MILA, LIMA na IMLA bila kalamu.

Wapo pia wanaosema Kiingereza chetu hakitoshi. Kwa mraba wa Kiingereza wana sehemu ya ukweli. Mtungaji wa London anaweza kuandika "flower", neno la ua la bustanini, akimaanisha mto, kwa kuwa kwao maandishi hayo hayo yanaweza kusomwa "kitiririkacho". Kimojawapo kinachojulikana sana ni HIJKLMNO, ambacho jibu lake ni maji: herufi zinatoka H mpaka O, na kwa Kiingereza "mpaka" hulingana kwa sauti na "mbili", hivyo unapata H2O ya darasa la kemia. Kitafsiri, kinakufa. Lakini tuna "Cha kulalia kinachotiririka (3)", nacho hakitafsiriki kwenda kwao.

Tujaribu kimoja pamoja, polepole, kama unavyokaa nacho mkononi. "Amekula nusu ya muwa, ameacha kifaa cha kuandikia (6)." Sura ni barabara ya kwenda Jinja, mtu anatafuna muwa. Isahau. Maana iko mwanzoni au mwishoni. Mwanzoni kuna "amekula", kitenzi; inawezekana, ila herufi sita hazileti kitu. Mwishoni "kifaa cha kuandikia": kinaonekana imara. Wengi hapa huruka moja kwa moja kwenye kalamu. Vizuri, ila usiandike bado, hakiki nambari. Nusu ya muwa, kiherufi, ni MU. Zinabaki herufi nne za "amekula". Tulikwisha kuona kampa. Amekula, kwa mkato huo huo: kala. KALA, MU. Na "ameacha" ni kiungo tu kati ya pande mbili: ufundi unakuachia maana. Sasa andika.

Alhamisi ya wiki ile mwalimu wa hesabu alileta kidokezo chake mwenyewe: "Mali ya mkulima imetapakaa, sasa ni desturi (4)." Mali ikivurugwa ni MILA, jibu ni zuri. Nikamwambia, kwa heshima, kwamba "ya mkulima" haina kazi: imekaa kati ya mali na kiashiria chake, haitoi herufi wala maana. Tukaipunguza: "Mali ikitapakaa huwa desturi (4)." Hakufurahi. Alisema tumemfukuza mkulima, na bila yeye sentensi imekuwa kavu. Nilimwelewa. Sura ni kazi ya mtunzi, na inauma kuikata.

Ijumaa alifika kabla yangu. Ubaoni, kwa mwandiko wake ulionyooka wa milinganyo, palikuwa na hiki: "Mchukuzi wa mizigo yumo ndani ya mkulima (4)." Nilikisoma mara tatu nikitafuta neno la kuondoa, nikakosa.